Hewa ya Nyumba ya Kijani

Mama aliporudi kutoka Ulaya, mkuu wa shule yetu alimwomba aje azungumze na wanafunzi mstarini, baada ya wimbo wa Taifa. Niliposikia nilitamani kuumwa. Nilijishika paji la uso tangu alfajiri nikitafuta homa, sikuipata.

Mama ni mtafiti. Kazi yake ni mvua. Nilipokuwa mdogo nilidhani anaitengeneza, na niliwahi kumwambia mtoto wa jirani kwamba akinipiga nitamwambia mama asiinyeshe kwao. Baadaye nikajua kwamba anaipima tu: inaanza lini, inakatika lini, inarudi au hairudi. Mwaka huo aliwekwa kwenye ujumbe wa nchi uliokwenda kwenye mkutano wa mataifa, ule ambao serikali zinajadiliana habari ya hali ya hewa na watafiti wanakwenda kuonyesha walichokigundua. Mtaani kwetu Bombambili walisema amekwenda kuhutubia dunia. Mama hakuwasahihisha, nafikiri kwa sababu na yeye alikuwa anadhani hivyo.

Basi akasimama mstarini, amevaa sweta lake, lile lililokwenda Ulaya likakuta joto likarudi bila kuvaliwa, akasema kwa sauti ya kazini:

"Nchi tajiri zimechafua hewa kwa muda mrefu sana, na sisi ndio tunaokaa ndani yake."

Nyuma yangu mtu akaziba pua. Sikumwona, ila nilisikia sauti ya anayeongea na pua imezibwa: "Jamani, nani huyo?" Kicheko kikaanzia kidato cha pili, kikapanda mpaka kwa dada wakubwa wa kidato cha nne. Mwalimu wa nidhamu akageuka kuitazama bendera, mabega yake yakawa yanatetemeka. Mama akadhani hawajaelewa. Akaeleza zaidi.

"Msicheke. Hewa iliyochafuliwa kule haina mpaka. Inasafiri mpaka hapa Songea."

Mungu anisamehe, nilimchukia. Si sana, kidogo tu, kama mtu anavyokichukia kiatu kinachopiga kelele kanisani. Kuanzia siku hiyo mtu akiingia darasani dirisha likiwa limefungwa, alikuwa ananigeukia: "Dada, mwambie mama yako kuna nchi tajiri imekaa dawati la nyuma." Wote walicheka. Na mimi nilicheka, maana usipocheka wanajua wamekupata.

Wiki hiyo hiyo, tukiwa mezani, nilimwambia. Sikumtazama, nilikuwa natazama mboga.

"Mama, Jumamosi kule kijijini, naomba usiseme kuchafua hewa."

"Kwa nini?"

"Watu wanacheka."

Naye akacheka, akafunika mdomo kwa kiganja. "Ndiyo maana wale watoto… Mama yangu! Na mimi nikawa naendelea." Halafu kicheko kikamwishia usoni taratibu. "Sasa niseme nini? Jumamosi sitakiwi kuchekwa. Jumamosi ikiharibika nimekwisha."

Nilijua kwa nini. Upande wa Namtumbo, mbele ya Hanga, kuna kijiji cha wakulima wa tumbaku na mahindi ambao mama aliwagawia vipimo vya mvua. Wenyewe wanaviita makopo. Kila asubuhi ya msimu wa mvua wanatoka, wanachungulia kopo, wanasoma imefika wapi, wanaandika. Hawalipwi. Wanafanya hivyo kwa sababu mama aliwaomba vizuri, na kwa sababu aliwaahidi kwamba mvua yao ataipeleka mbele ya wakubwa wa dunia. Katika vijiji vyake vyote, hicho ndicho pekee ambacho hakijawahi kukosa msimu hata mmoja. Mchoro wake mzima, ule mstari wa mvua za miaka yote, umesimama juu ya kijiji hicho. Na dereva wa ofisi alikuwa amekuja na habari kwamba wako wanaosema wamechoka kuhesabu maji wasiyojua yanakwenda wapi, na kwamba kabla mvua hazijaanza tena watarudisha makopo.

"Wakirudisha, mstari unakatika," mama alisema. Alichora hewani kwa kijiko. "Na mstari uliokatika haumwambii mtu kitu. Mwakani wameniita tena kule. Nitakwenda kuonyesha nini, mashimo?"

Tukaanza kutafuta neno. Hewa ya mkaa, akasema. Nikamwambia watadhani unawakataza mkaa wa kupikia. Hewa ya joto. Nikasema hiyo ni ya Dar es Salaam. Alikuwa na karatasi zake za mkutano, zote za Kiingereza, na neno lililojaa humo lilikuwa jina la zile nyumba za vioo ambamo Wazungu wanapanda mboga wakati wa baridi.

"Kwa Kiingereza wanaiita nyumba ya kijani," mama alisema. "Hewa ya nyumba ya kijani."

"Basi sema hivyo," nikamwambia. "Hiyo haina matusi."

Alirudia mara kadhaa akiosha vyombo, kama mtu anayejaribisha kiatu. Nililala nikiwa na amani.

Jumamosi alinichukua kwa sababu bango lake la michoro lilikuwa refu na lilitaka watu wawili. Kulikuwa na baridi ile ya Songea ya katikati ya mwaka inayokaa mifupani mpaka saa nne. Njia nzima mama alikuwa anasema bila sauti, midomo inacheza tu.

Watu walikuwa wamekwisha kukaa tulipofika. Wanaume kwenye mabenchi, akina mama chini kwenye kanga zao, vijana wameegemea baiskeli kwa nyuma. Uwanja wa mikutano wa kijiji kile uko mbele ya ofisi ya chama, kile chama chenye serikali, na ofisi hiyo ilikuwa imepigwa rangi upya mwaka uliopita, ule wa uchaguzi wa vyama vingi. Kuta zote za kijani. Mlango wa kijani. Hata jiwe la kushikilia mlango lilikuwa la kijani. Niliiona. Nilifika nikaiona, nikasema moyoni imependeza.

Mama aliwasalimia wazee shikamoo mmoja mmoja, akapokea marahaba zake. Mwenyekiti wa kijiji, mzee mwenye koti la mitumba lililombana mabegani, akamkaribisha. "Huyu ndiye mama mtaalamu wetu. Amepanda ndege na mvua yetu mkobani, leo amerudi kutuambia. Mama, karibu."

Tukanyanyua bango. Mimi upande wangu nilijificha nyuma yake, nikabaki na miguu tu. Mama akaanza vizuri. Akaonyesha mstari wa mvua zao unavyochelewa mwaka hadi mwaka, nao wakawa wanaitikia, kweli, kweli, mwaka ule tulipanda mara mbili. Halafu akafika kwenye neno.

"Ndugu zangu, tatizo ni hewa inayotoka nyumba ya kijani. Hiyo ndiyo inayopasha joto anga lote na kuvuruga mvua zetu. Na kila mwaka inazidi. Nyumba ya kijani ikiachwa iendelee hivi, watoto wetu hawatakuwa na cha kupanda."

Kule kuitikia kukakatika. Mimi nyuma ya bango sikuelewa kwa nini. Nikatoa kichwa, nikakuta macho yote yametupita, yako nyuma yetu, kwenye ukuta.

Kijana mmoja kwenye baiskeli akapiga kengele. "Sema, mama! Mwaka jana tuliyasema haya haya, tukaitwa wahuni!"

Vijana wakalipuka. Mmoja akanyanyua vidole, alama ya chama chao cha upinzani, akavutwa chini na mama yake. Mwenyekiti alisimama polepole, akafunga kifungo cha koti ambacho hakikutaka kufungika.

"Mama mtaalamu. Uchaguzi umekwisha. Serikali imekutuma Ulaya, imekupa ndege, umerudi kuitukana mlangoni pake?"

"Mzee wangu, sijatukana mtu," mama alisema. Kisha akageuka akaiona. Nililiona sikio lake likibadilika rangi. "Hapana! Siyo hii! Ni nyumba ya vioo, mzee. Kule Ulaya wanapanda nyanya ndani ya nyumba…"

"Nyanya ndani ya nyumba?" bibi mmoja aliuliza. "Na wenyewe wanalala wapi?"

Wakacheka tena, na safari hii hata wazee. Mama akajaribu kueleza vioo, jua linaingia, joto halitoki, maneno yakawa yanamtoka nusu ya Kiswahili na nusu ya zile karatasi. Bango likawa linayumba, na mimi niliyeshika upande wa pili nikawa nayumba nalo. Mimi mtu wa kujificha. Darasani nikijua jibu nanyamaza. Lakini nilimwona mama amekwama, na nyuma ya nyumba za watu yalikuwa yamesimama mabani, yale mabanda ya udongo ya kukaushia tumbaku, mengine bado yananuka moshi, na wazo likanijia. Nikamnong'oneza.

"Mama, sema bani."

Alinitazama kama nimemtupia kamba.

"Ni kama bani!" akasema kwa nguvu. "Ukishatundika tumbaku, ukawasha moto, ukafunga mlango, joto linakwenda wapi?"

"Haliendi," wakajibu. "Linabaki humo."

"Basi! Dunia sasa ni bani. Moshi ndio umefunga mlango, sisi wote tumetundikwa ndani."

Hapo vichwa vikaanza kutikisika. Mwenyekiti akakaa. Bibi wa nyanya akasema aa, kumbe, na akamweleza jirani yake kwa Kingoni, mikono ikifunga mlango hewani. Na mimi, sioni aibu kulisema hili japo mengine yote nayaonea aibu, nilifurahi. Nilijitokeza kutoka nyuma ya bango mpaka kifuani.

Kisha akasimama baba mmoja mrefu. Mama alinieleza baadaye kwamba ndiye mwenye mabani makubwa kupita wote pale. Alizungumza taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililotutisha.

"Mama, huo mstari wako. Mvua zimeanza kuchelewa hasa kuanzia wapi? Tuonyeshe kwa kidole."

Mama akaonyesha.

"Hapo. Na sisi tumeanza kujenga mabani mengi lini? Si tangu wanunuzi binafsi walipoingia? Zamani tukiwa na chama cha ushirika peke yake, mtu alikuwa na bani moja. Wakaja hawa, kila mtu akajenga." Aliwageukia wenzake. "Hesabuni. Si miaka hiyo hiyo?"

Wakahesabu. Nilisikia mnong'ono unapita kwenye mabenchi. Ilikuwa miaka hiyo hiyo.

"Kwa hiyo mabani yetu ndiyo yanafukuza mvua. Sisi tunaamka na umande kukusomea kopo, kumbe tunakuandikia mashitaka. Umekwenda kutushitaki Ulaya kwa mikono yetu wenyewe."

"Siyo hivyo, baba," mama alisema.

"Siyo hivyo, au siyo hivyo yote?"

Hapo mama angeweza kusema siyo kabisa. Mimi ningesema siyo kabisa, ningeapa. Nilimvuta kitenge ili aseme. Yeye akasimama akifikiri mbele ya watu wote, kama yuko mezani kwake.

"Moshi wa mabani yenu ni mdogo sana mbele ya viwanda vyao," akasema. "Hauonekani. Lakini miti mnayokata kuchomea tumbaku, hiyo ina sehemu yake. Ndogo. Siwezi kusema haina."

Loo! Kelele iliyotoka pale siwezi kuiandika. Mama mmoja alisimama akafunga kanga upya kiunoni kama anakwenda kupigana. "Tule nini? Useme wewe mwenye mshahara, tule nini?" Mwingine akasema waje wale wa viwanda kwanza, ndipo waulizwe wao wenye kuni. Wengine walianza kuondoka, na nilijua wanafuata nini. Muda si mrefu makopo yakaanza kufika. Wa kwanza aliliweka chini mbele ya miguu ya mama, taratibu, kwa heshima, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani. Ingekuwa afadhali angelitupa.

Mwenyekiti akanyanyua mkono. "Ngojeni. Tumemwuliza mambo mengi na lile la safari hatujauliza. Mama, ulisema utaipeleka mvua yetu mbele ya wakubwa wa dunia. Walisemaje?"

Hii hadithi mimi nilikuwa sijaisikia. Nyumbani alikuwa ametuletea chokoleti na picha za ukumbi, basi.

"Kwenye ukumbi wenyewe sikuingia," mama alisema. "Hata kwenye ujumbe wetu, mle waliingia wa serikali tu. Watafiti tulipewa meza kwenye korido. Yangu ilikuwa karibu na choo."

Hakuna aliyecheka. Nilisubiri wacheke, hawakucheka.

"Nilisimamisha bango hili hili. Watu walipita wengi. Mmoja alisimama akalisoma mpaka mwisho, nikafurahi, nikaanza kumweleza, akaniuliza choo cha wanaume ni mlango upi. Siku moja nilipewa chumba kidogo, saa ya chakula cha mchana, nikaongea. Waliokuja walikuwa wachache na walikuwa wanakula. Lakini nilikitaja kijiji chenu. Mmoja aliandika."

"Na wale wa ndani ya ukumbi? Walikuwa wanafanya nini?"

"Walikuwa wanabishana juu ya neno. Waandike kwamba nchi tajiri zitapunguza moshi, au kwamba zitajitahidi kupunguza."

"Neno moja?"

"Neno moja."

"Wakamaliza?"

"Tuliondoka hawajamaliza."

Mimi uso ulikuwa unaniwaka mpaka masikio. Mtaa mzima wa Bombambili unajua mama amehutubia dunia, na hapa, mbele ya watu aliotaka wamheshimu, anajivua nguo moja moja bila kulazimishwa na mtu. Nilitamani aseme uongo mdogo. Hata wa kwamba walipiga makofi.

Wazee walisogea pembeni wakazungumza kwa Kingoni, pamoja na yule baba mrefu. Waliporudi, mwenyekiti ndiye aliyesema.

"Makopo tutayachukua tena. Kupima tutapima. Mvua ni yetu, na sasa tumeshazoea kuijua. Lakini wewe hatukupi tena. Mvua yetu haipandi ndege tena mpaka tujue inakwenda kuteremkia wapi. Na hata namba za nyuma ulizokwisha kuchukua. Usizionyeshe huko. Unakubali?"

Mama alilitazama bango. Karibu lote lilikuwa ni kijiji hicho.

"Nimekubali, mzee," alisema.

Wakatupatia mahindi ya kuchoma tukale njiani. Bibi wa nyanya alinishika mkono akaniambia kwa sauti ya kunifariji kwamba nina mama mkweli, na niliona aibu kuliko pale walipokuwa wanatupigia kelele.

Kwenye gari mama alikaa na mimi nyuma. Bango tulilikunja likawa limelala juu ya magoti yetu. Hakuwa analia. Alikuwa anatazama mabani yanavyopita dirishani, moja, jingine, jingine, na nilijua anafikiria mwakani, ile meza ya korido, na atatundika nini. Nikamwonea huruma. Nilitaka kumsaidia tena. Nilidhani safari hii nimepata kitu kizuri.

"Mama," nikamnong'oneza, ili dereva asisikie. "Namba za nyuma si unazo ofisini? Zitumie tu. Kule Ulaya nani atakiuliza kijiji?"

Alinigeukia. Sijawahi kutazamwa vile na mama, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu.

"Hivyo ndivyo walivyokuwa wanaongea mle ukumbini," alisema. "Nilikuwa nawasikia mlango ukifunguliwa."

Akarudisha macho dirishani. Hindi lilikuwa bado mkononi mwangu, la moto, nami sikuweza kulila wala kuliweka chini, na machozi sikuyaachia, maana dereva alikuwa ananiona kwenye kioo. Tuliingia Songea hindi likiwa limepoa mkononi. Mwakani mkutano ule utakaa tena, na mama amekwisha kuwaandikia kwamba atakwenda bila kile kijiji, na kwamba bango litakuwa dogo.